Magonjwa hayapigwi muhuri mpakani

NI jambo la aibu kwamba leo hii gunia la maharagwe huvuka mpaka wa Busia kwa utaratibu mzuri kuliko mgonjwa wa kifua kikuu.

Gunia lina karatasi zake. Mnamo Februari 24, 2018, Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa madarakani Kenya wakati huo, na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Maafisa wa forodha na uhamiaji wa nchi hizi mbili wakawekwa chini ya paa moja, na mzigo uliokuwa ukikaguliwa mara mbili ukawa wa kukaguliwa mara moja. Mchuuzi mwenye bidhaa za Afrika Mashariki ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani huweza kupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani.

Mgonjwa naye ana nini? Ana kikohozi chake, ana vidonge ndani ya bahasha isiyoandikwa jina la dawa, na ana hofu ya kuulizwa anatoka wapi. Akishavuka, faili lake hubaki upande wa pili. Kule anakokwenda huanza upya kama mtu aliyezaliwa jana.

Nimechagua kuizungumzia gombolola ya Bulumbi, wilaya ya Busia upande wa Uganda, kwa sababu hali ya hapo ndiyo hali ya mpaka mzima hadi Malaba na Tororo. Watu wa hapa wamekuwa wakivuka tangu enzi za mababu. Wapo waliokwenda kukata miwa Kenya magharibi, kufanya kazi za nyumbani Nairobi, kuvua samaki ziwani na kubeba mawe ya ujenzi mijini. Wapo wanaovuka asubuhi na kurudi jioni na mzigo wa matoke, mayai, sabuni au chumvi.

Kwao mpaka ni barabara ya kawaida. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia wakajikuta ng'ambo mbili za mto Sio, na Waiteso vivyo hivyo huku na huku. Shangazi yuko Uganda, binamu yuko Kenya. Akifa mtu, matanga hukaliwa na watu wa nchi mbili.

Tatizo ni kwamba hospitali zetu zimejengwa kana kwamba watu hawa hawapo.

Tuanze na namna dawa zinavyofika. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali Machi 2001. Ilikuwa hatua njema iliyowafikisha maskini wengi kliniki. Lakini dawa ya bure ni dawa iliyohesabiwa. Tangu mwaka 2010, bohari kuu ya dawa ya taifa ilipoanza kupeleka masanduku yaliyopangwa tayari katika vituo vya daraja la pili na la tatu, kituo kidogo kimekuwa kikipokea kiasi kilichokadiriwa huko juu. Makadirio hayo hayamjui mwanamke aliyerudi jana kutoka Eldoret na watoto wanne, wala hayamjui jirani wa ng'ambo aliyevuka kwa baiskeli akitafuta dawa ya malaria.

Sanduku likiisha kabla ya wakati wake, muuguzi hana la kufanya ila kuandika jina la dawa kwenye kijikaratasi na kumwambia mgonjwa akanunue. Hapo ndipo watu wa Uganda nao wanapovuka kwenda Kenya, kwa matumaini kwamba huko watapata dawa, picha ya eksirei au daktari wa upasuaji.

Upande wa Kenya mambo yamebadilika mara nyingi. Mwaka 2004 zahanati na vituo vya afya viliambiwa vitoze shilingi 10 na 20 pekee. Juni 2013 malipo hayo yaliondolewa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Kisha Oktoba 2024 bima ya zamani, NHIF, ikaipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa mchango wake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Sipingi bima. Bila bima familia huuza ng'ombe kwa ajili ya ugonjwa wa wiki moja. Ninachosema ni kwamba mfumo huu unaanza na swali la kitambulisho. Mkenya aliyeishi Uganda miaka 20 na kurudi bila karatasi hukwama mlangoni. Mganda auzaye ndizi katika soko la Busia ya Kenya kila siku ya Mungu, anayelipa ada ya soko ya kaunti kila asubuhi, anahesabiwa kuwa mgeni anapougua saa nane mchana.

Kwao Uganda hakuna bima ya taifa ya kumfuata. Bunge la Kampala lilipitisha muswada wa bima ya afya mwaka 2021, lakini haukutiwa saini ukawa sheria. Kwa hiyo mchuuzi huyu amesimama kati ya viti viwili na hakuna anachokalia.

La kushangaza ni kwamba mkimbizi ana njia iliyo wazi zaidi kuliko yeye. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mkimbizi, na yapo mashirika yanayomfuatilia. Mwananchi ana kitambulisho chake. Anayekwenda na kurudi ndiye asiye na jina katika daftari lolote.

Watu wakijua kwamba swali la kwanza ni "unatoka wapi", hujifunza kujibu wanavyotakiwa. Mgonjwa hutaja kijiji cha shemeji yake. Hutumia jina la dada yake. Kliniki hufurahi kwamba daftari limejaa watu wa kwao, lakini daftari hilo ni la uongo. Siku mgonjwa huyo atakapokosa kurudi kuchukua dawa, mhudumu wa afya ya jamii atamtafuta katika kijiji ambacho hajawahi kulala.

Sasa tukiangalie kifua kikuu, maana hapo ndipo uongo huu unapoua.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza mchanganyiko wa dawa 4, na miezi 4 inayobaki dawa 2. Akizimeza vizuri, baada ya wiki chache kwa kawaida hamwambukizi mtu tena. Shida ni kwamba baada ya wiki hizo kikohozi hupungua, nguvu hurudi, na tumbo hudai chakula. Mtu aliyekuwa amelala anasimama na kurudi biashara.

Chukua mfano wa mama anayenunua maharagwe Bulumbi na kuyauza Kenya. Ameanza dawa Uganda. Mwezi wa tatu soko linachangamka ng'ambo, anakwenda kukaa kwa dada yake majuma sita. Vidonge vinamwishia. Anakwenda kliniki ya huko na kuambiwa, "Dada, barua yako ya uhamisho iko wapi?" Barua hana, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba anaihitaji. Anarudishwa alikotoka. Nauli ya kurudi ni faida ya siku mbili. Anaamua kungoja.

Kungoja huko ndiko kunakozaa kifua kikuu sugu. Vijidudu vilivyoonja dawa bila kumalizwa hujifunza kuishi nayo. Atakapoanza kukohoa tena, dawa za awali huenda zisimfae. Atahitaji nyingine, ghali zaidi na kali zaidi, na wakati huo atakuwa amewakoholea abiria wa matatu, wateja sokoni na watoto wa dada yake. Ukimwita Mganda au Mkenya, kikohozi ni kile kile.

Kinachoudhi ni kwamba dawa zenyewe ni zile zile. Nchi zote mbili hufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa kifua kikuu. Kwa virusi vya ukimwi, kidonge kimoja cha kila siku chenye dolutegravir ndicho kilichotangulizwa kwa watu wazima pande zote mbili. Kwa malaria ya kawaida, mseto wa artemether na lumefantrine ndio umekuwa dawa ya kwanza Kenya na Uganda tangu mwaka 2006. Yaani kabati la dawa la Kenya na lile la Uganda, kwa magonjwa haya makubwa, hayatofautiani sana. Kinachokosekana ni karatasi moja ya kulifungua kabati la jirani.

Huko nyuma wafadhili ndio waliojaribu kuziba pengo hili. Kuanzia mwaka 2005, kwa fedha za Marekani, mradi uliojulikana kwa jina la SafeTStop uliwafikia madereva wa malori, wanawake wa mpakani na vijana katika miji kama Busia na Malaba. Ulifanya kazi kwa sababu ulimtambua mtu kwa njia anayopita, bila kujali pasipoti yake.

Lakini nyumba ya kupanga si yako. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo huo shirika la USAID likafungwa. Nchini Uganda kliniki maalumu za virusi vya ukimwi ziliagizwa kuunganishwa na huduma za wagonjwa wote wa nje. Kwa mtu wa kukaa mahali pamoja, hilo ni badiliko la foleni tu. Kwa mtu wa kuvuka, aliyezoea mhudumu mmoja anayemjua na kumpigia simu, ni kupotea kabisa. Serikali zetu zilipaswa kuurithi utaratibu ule hata kama fedha zimepungua. Daftari na simu si vitu vya kungoja mfadhili.

Watoto nao wamo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S Septemba 2019 katika kaunti za magharibi, Busia ikiwa mojawapo. Dozi zilipangwa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Uganda ilianza Aprili 2025 kwa chanjo nyingine, R21, ambayo dozi zake ni za miezi 6, 7, 8 na 18. Chanjo zote mbili ni nzuri. Lakini mtoto aliyeanza upande mmoja na kuhamia mwingine anamchanganya muuguzi. Je, aanze upya? Aendelee? Aachwe?

Jibu lipo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba inapowezekana mtoto amalize na chanjo aliyoanza nayo, na isipopatikana, au isipojulikana ni ipi, amaliziwe na nyingine. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto kurudishwa nyumbani bila chanjo kwa kuwa kijitabu chake kina nembo ya nchi jirani. Ni wangapi kati ya wauguzi wa mpakani wameelezwa hivyo kwa maandishi? Waganga wakuu wa Busia zote mbili na wa Tororo wanapaswa kulijibu swali hilo.

Kuna pia akina mama wajawazito. Tangu kujifungua kufanywe bure Kenya mwaka 2013, imekuwa ikisemwa kwamba wanawake wa Uganda huvuka kwenda "kuiba" huduma. Nalikataa neno hilo. Mwanamke mwenye uchungu usiku hukimbilia taa iliyo karibu. Isitoshe, wapo wanaodhani kwamba mtoto akizaliwa Busia ya Kenya atakuwa Mkenya. Hawajaambiwa ukweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtoto uraia wa kuzaliwa kupitia mama au baba aliye raia, wala si kupitia kitanda alichozaliwa juu yake. Mama anayevuka kwa sababu hiyo anaihatarisha safari ya usiku bure, na anayekwenda kwa sababu ya afya yake asiitwe mwizi.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini mlipa kodi wa Uganda amtibu Mkenya, na mlipa kodi wa Kenya amtibu Mganda? Ni swali la haki na halifai kudharauliwa. Muuguzi aliyeishiwa dawa ana kila sababu ya kukasirika akiona nusu ya foleni ni ya watu wa ng'ambo.

Jibu langu la kwanza ni kwamba tayari tunatibiana. Mkenya anavuka kufuata huduma ya bure, Mganda anavuka kufuata dawa zilizokosekana. Gharama ipo, ila imefichwa ndani ya majina ya uongo, na kisichohesabiwa hakiwezi kulipiwa. Afadhali tuhesabu kwa uwazi, kisha wakubwa wakae mezani na kuona nani anamdai nani.

La pili, mchuuzi wa mpakani si mtu wa bure. Analipa ada ya soko, analipa kodi ya kibanda, analipa ushuru pale unapohitajika, na biashara yake ndiyo inayoilisha miji hii. Ukichukua pesa zake akiwa mzima, usimfukuze akiwa mgonjwa.

La tatu, anayeachwa bila matibabu haondoki na ugonjwa wake. Anabaki nao hapa hapa, katikati yetu.

Na kama mtu anadhani kwamba ushirikiano wa aina hii ni ndoto, aangalie historia ya eneo hili hili. Pale Alupe, karibu na mji wa Busia upande wa Kenya, palikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki nzima. Tororo palikuwa na shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Wazee walielewa kwamba ukoma na mbung'o haviombi ruhusa ya kuvuka. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua majengo yaliyokuwa upande wake, na wazo likaachwa kwenye mvua.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Novemba 30, 1999. Ibara yake ya 118 inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya, pamoja na kuzuia na kudhibiti magonjwa ya kuambukiza. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na inampa mfanyakazi aliyehamia nchi nyingine mwanachama haki ya hifadhi ya jamii kama wenyeji. Maneno hayo ni matamu. Lakini haki hiyo ilimfikiria mfanyakazi mwenye mkataba na mwajiri. Mama wa maharagwe hana mwajiri. Anajiajiri mwenyewe, na ndiye aliyejaa mpakani.

Tumeshapewa mafunzo mara mbili, na yote mawili yalikuwa machungu.

La kwanza lilikuja mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi. Takriban Wakenya 12,000 walikimbilia Uganda kupitia mipaka hii. Wengi wao waliwekwa katika kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, kabla ya waliobaki kuhamishiwa Kiryandongo. Walikuwapo pia Waganda waliokuwa wameishi Kenya miaka mingi, ambao walirudi vijijini kama Bulumbi mikono mitupu. Mtu aliyekimbia na watoto mgongoni habebi kadi ya kliniki. Waliokuwa katikati ya matibabu ya muda mrefu walilazimika kuyaeleza magonjwa yao kwa mdomo kwa watu wasiowajua. Wengi mnaosoma ukurasa huu mnakumbuka. Maadamu chaguzi zingali zinakuja, ni busara kuwa na utaratibu kabla ya moshi kuonekana.

La pili lilikuja mwaka 2020. Machi mwaka huo Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri kwa sababu ya Covid-19, huku malori ya mizigo yakiruhusiwa. Foleni za malori Busia na Malaba zikawa za kilomita nyingi. Wanawake wa biashara ndogo walizuiwa barabarani, na wengi wakarudi njia za panya, ambako hakuna kipimo wala maji ya kunawa mikono.

Lakini mwaka huo huo tuliona kwamba serikali zikitaka, zinaweza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva. Dereva akipimwa katika nchi moja, cheti chake kiliweza kusomwa kwenye simu na afisa wa nchi nyingine. Hapo hakuna aliyesema kwamba sheria hazifanani, wala kwamba kompyuta hazizungumzi. Shehena ilikuwa inangoja, na uchumi ulikuwa unavuja.

Nauliza basi: ikiwa cheti cha dereva kiliweza kuvuka mpaka, kwa nini taarifa kwamba mama fulani amemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi mitatu isivuke?

Ugonjwa wa mpox ulitukumbusha tena. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza Julai 31, 2024, alikuwa msafiri aliyegunduliwa mpakani Taita Taveta, akitoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Mtu mmoja, nchi tatu. Uganda nayo ilikabiliwa na Ebola kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, na tena kati ya Januari na Aprili 2025. Kila mara maafisa wa afya walikimbilia mipakani na vipimajoto. Mlipuko ukiisha, vipimajoto huondoka. Kipimajoto hukuonyesha nani ana homa leo. Hakimwambii mtu aende wapi kesho.

Kwa hiyo nina mapendekezo matano, na hakuna hata moja linalohitaji hospitali mpya.

Kwanza, iwepo barua moja ya uhamisho wa mgonjwa, ya muundo mmoja, inayotambuliwa katika vituo vyote vya serikali Busia ya Kenya, Busia ya Uganda na Tororo. Iandikwe jina la dawa, tarehe ya kuanza na dozi zilizobaki. Mgonjwa wa kifua kikuu, wa virusi vya ukimwi, wa kisukari na wa shinikizo la damu apewe kabla hajaiomba.

Pili, hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Busia upande wa Kenya, na kwa Uganda hospitali ya Masafu na ile ya Tororo, kila moja iwe na mhudumu mmoja mwenye kazi ya kuwafuatilia wagonjwa waliovuka. Namba zao za simu zijulikane pande zote. Mgonjwa asipoonekana huku, apigiwe simu wa kule.

Tatu, madaftari yaandike mahali mtu anapolala na mahali anapofanya kazi, bila kutumia majibu hayo kumtoza zaidi wala kumfukuza. Hesabu hizo zipelekwe katika bohari za dawa za Nairobi na Kampala, ili mgao wa vituo vya mpakani ulingane na watu wanaotibiwa kweli.

Nne, wahudumu wa afya ya jamii wa Kenya na vikundi vya afya vya vijiji vya Uganda wakutane mara kwa mara. Wao ndio wanaojua nani amerudi, nani anakohoa, na njia ya panya ipi hutumika siku ya soko. Kijana wa boda boda awemo pia, kwa maana yeye ndiye ambalensi ya Bulumbi usiku wa manane.

Tano, Jumuiya ya Afrika Mashariki imtambue mchuuzi wa mpakani katika mipango ya bima. Kama tuliweza kumtungia cheti chepesi cha bidhaa, tunaweza kumtungia mchango mwepesi wa afya, anaoulipa upande mmoja na kutibiwa pande zote mbili.

Mapendekezo mawili ya mwanzo hayahitaji kungoja Arusha. Afya ya kaunti ya Busia iko mikononi mwa serikali ya kaunti tangu mwaka 2013, na vituo vya Uganda husimamiwa na wilaya. Gavana na mwenyekiti wa wilaya wanaweza kukaa meza moja. Wamekutana mara ngapi kuzungumzia wezi wa ng'ombe na magendo? Wakutane mara moja kuzungumzia vidonge.

Nanyi wasomaji wangu, mlio safarini na mliorudi, msikae mkingoja wakubwa tu. Kabla hujavuka kwa zaidi ya wiki mbili, mwambie mhudumu wako akuandikie barua na akuongezee vidonge vya njiani. Hifadhi kijitabu cha chanjo cha mtoto pamoja na kitambulisho chako, usikiache kwa bibi kijijini. Jua jina la dawa unayomeza. Rangi ya kidonge haitoshi. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe popote ulipo. Na usinunue nusu dozi dukani kwa sababu pesa zimepungua. Nusu dozi ni mkopo ambao ugonjwa utaudai kwa riba.

Kwa viongozi nasema hivi. Mmejenga paa moja kwa ajili ya mizigo, na tunawashukuru. Lakini mizigo hiyo haijibebi. Hubebwa na migongo ya watu, wengi wao wanawake, wanaoamka kabla ya jogoo na kulala baada ya soko kufungwa. Siku mgongo huo utakapolala kitandani, lile paa la pamoja litabaki bila cha kufunika.